UZI: Kabla usonji haujapewa jina, watu hawa waliishije? Tuanze na Hugh Blair wa Scotland, 1747

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila mada ya usonji (autism, hali inayomfanya mtu awasiliane na kuhusiana na wenzake kwa namna tofauti) ikifunguliwa humu, ukurasa wa pili haukosi mtu wa kuuliza, "Mbona zamani mambo haya hayakuwepo?" Swali hilo nimelikuta kliniki, nimelikuta msibani, hata nyumbani kwetu. Kijana wangu ana usonji. Kila nikilisikia naona kama anaambiwa yeye ni kitu cha juzi, hana waliomtangulia. Waliomtangulia wapo, na baadhi yao wameandikwa vizuri kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuandikwa. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Maswali ruksa.

Naanza na Hugh Blair.

Huyu alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18 huko Borgue, kusini magharibi mwa Scotland, kwenye familia ya wenye ardhi. Baba alishafariki na Hugh ndiye aliyekuwa mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo mali ilikuwa yake. Mama yake aliona wazi kwamba mwanawe hawezi kusimama peke yake siku yeye akiondoka. Akamtafutia mke, binti wa daktari wa mji wa jirani wa Kirkcudbright. Hapo ndipo mdogo wake Hugh, anaitwa John, alipoona urithi unamponyoka: kaka akipata mtoto wa kiume, yeye hana chake. Mwaka 1747 akaenda mahakamani Edinburgh kuomba ndoa ibatilishwe, hoja yake ikiwa kwamba Hugh hana akili ya kuelewa hata maana ya kuoa.

Mahakama ikaita mashahidi. Hapa ndipo penye utajiri wote, maana walioitwa walikuwa watumishi, majirani, mafundi na watu wa kanisa, na kila mmoja alieleza alichokiona kwa macho yake. Hakuna aliyekuwa amesoma kitabu cha usonji, kwa sababu hakikuwepo.

Wakasema Hugh kanisani alikuwa na kiti chake kilekile, Jumapili zote. Wakasema alikuwa anaokota vijiti na manyoya ya ndege na kuvirundika nyumbani. Alikuwa haachi mazishi: akisikia kuna mtu anazikwa anakwenda, amjue marehemu asimjue, ameitwa hajaitwa. Wigi lake alikuwa akilifua mwenyewe na kulitundika kwenye matawi ya mti likauke, na wakati ule wigi lilikuwa vazi la heshima la mwanaume wa daraja lake, kwa hiyo majirani hawakuacha kulisema. Aliingia nyumba za watu bila hodi. Ukimwambia neno, mara nyingi alikurudishia neno lilelile.

Kisha wakamleta Hugh mwenyewe mbele ya majaji. Wakamuuliza maswali kwa mdomo, hawakupata jibu la maana. Wakaona labda kuandika kutasaidia, kwa sababu ilijulikana kwamba anajua kuandika. Wakaandika swali kwenye karatasi na kumpa kalamu ajibu chini yake. Hugh akalinakili swali. Wakaandika la pili, akalinakili na hilo, kwa mwandiko wake nadhifu. Zile karatasi zilihifadhiwa kwenye nyaraka za kesi.

Mdogo mtu alishinda. Ndoa ilibatilishwa.

Karne mbili na nusu baadaye mwanahistoria Rab Houston na mwanasaikolojia Uta Frith walikaa na nyaraka hizo pamoja, na mwaka 2000 wakatoa kitabu wakieleza kwa nini wanaamini Hugh Blair alikuwa na usonji. Mzazi yeyote wa mtoto mwenye usonji akisoma ushahidi ule hahitaji kushawishiwa sana. Kurudia maneno, kiti kilekile, kukusanya vitu, kuingia kwa watu bila kujua mipaka: mimi naishi na mtu huyo.

Ila kinachonigusa zaidi ni kitu ambacho mashahidi walikisema bila kukusudia. Walimjua sana. Kijiji kizima kilijua Hugh anakaa wapi kanisani, anapita wapi, anapenda nini. Hakufungiwa ndani. Aliishi katikati ya watu kwa miaka karibu arobaini hadi siku mali ilipomfanya awe kesi.

Nitaendelea.

#2 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, nimesoma mpaka mwisho. Hongera kwa kazi. Nina shaka moja na naileta kwa heshima. Kumpima mtu aliyekufa miaka 250 iliyopita si ni hatari? Siku hizi kila mtu maarufu aliyependa kukaa peke yake anaambiwa alikuwa na usonji. Newton, Einstein, Mozart, wote. Tukifika huko, neno linapoteza maana.

#3 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Hoja yako naikubali, na ndiyo maana sikuanza na Einstein. Mtu ambaye tunajua tu kwamba alikuwa msahaulifu na hapendi soksi, hatuna cha kumpimia. Kwa Hugh Blair tuna watu wengi walioapa, wakaelezea tabia zilezile bila kupangana, na tuna maandishi ya mkono wake. Hiyo ni tofauti kubwa.

Kati ya wale wanasayansi wanaotajwatajwa, mmoja tu namkubali kwa moyo wote: Henry Cavendish, Mwingereza, 1731 hadi 1810. Ndiye aliyeichambua gesi ya haidrojeni mwaka 1766. Mwaka 1797 na 1798, akiwa na miaka zaidi ya 60, alifanya jaribio la kupima msongamano wa dunia nzima kwa kutumia mipira ya madini ya risasi na fimbo iliyoning'inizwa kwa waya, akiangalia kwa darubini kutoka nje ya chumba ili joto la mwili wake lisiharibu vipimo. Hesabu yake haipishani hata asilimia 2 na tunayoitumia leo.

Mtu huyohuyo alikuwa haagizi chakula kwa mdomo. Aliacha kikaratasi mezani, mpishi akakikuta. Alijengewa ngazi ya pili ndani ya nyumba ili asikutane na watumishi wa kike. Alivaa nguo za mtindo wa enzi za babu yake. Lakini kila wiki alikwenda kula chakula na wenzake wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, na pale wenzake walikuwa na utaratibu uliozoeleka: ukitaka kuongea na Cavendish usimwangalie. Simama karibu naye, ongea kama unaongea na hewa, ukiwa na bahati atajibu. Mwaka 2001 daktari Oliver Sacks aliandika kwamba ushahidi wa usonji kwa Cavendish ni mzito kuliko kwa Newton au Einstein, na mimi nakubaliana naye.

Hebu fikiria, mwalimu. Wasomi wakubwa wa London, bila kuambiwa na mtaalamu yeyote, walijifunza wenyewe namna ya kumzungumzisha. Kijana wangu amesomeshwa na walimu waliomshika kidevu kwa nguvu ili awaangalie machoni.

Lakini Cavendish alikuwa tajiri kupita kiasi, mjukuu wa madyuki wawili. Na hapo kuna jambo la kuliweka wazi mapema: watu wenye usonji wa zamani tunaowajua kwa majina ni wale waliokuwa na mali, au walioingia mikononi mwa serikali. Aliyekuwa mchunga kondoo mwenye tabia zilezile za Hugh Blair, kaka yake hakuwa na sababu ya kwenda Edinburgh, na sisi hatuna karatasi yake.

#4 Mama wa Mmoja

Kaka mleta uzi, nakufuatilia. Mwanangu ana miaka tisa, haongei kabisa, hajawahi. Hizi habari za mabingwa wa sayansi huwa zinaniumiza, kwa sababu watu wanakuja kwangu wakiniuliza "ana kipaji gani?" Hana kipaji cha kuonyesha watu. Anapenda maji na anapenda kunishika sikio. Watoto kama wangu walikuwa wapi huko zamani? Sema ukweli, usinifiche.

#5 Mleta uzi

Dada, nitasema. Kipande hiki ni kigumu.

Sehemu kubwa ya Ulaya, kwa karne nyingi, watu waliamini kwamba majini ya porini yanaweza kuiba mtoto kwenye kitanda chake na kuacha kiumbe kinachofanana naye. Angalia dalili walizotaja: mtoto alikuwa mzima, anacheka, anaanza maneno, kisha ghafla akanyamaza, haangalii watu, analia bila sababu, hatulii. Wazazi wengi humu tunajua kwamba baadhi ya watoto wenye usonji hupoteza maneno waliyokuwa nayo kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mzazi wa kijijini wa mwaka 1500 aliona jambo hilohilo, na maelezo aliyopewa ni kwamba huyu si mtoto wako. Dawa yake ilikuwa ukatili: kumpiga, kumlaza nje usiku kwenye lundo la samadi, kumsogeza karibu na moto, ili majini yamhurumie mwenzao na kurudisha mtoto wa kweli. Watoto walikufa hivyo.

Martin Luther mwenyewe, yule mwanamageuzi wa kanisa, katika mazungumzo yaliyoandikwa na wanafunzi wake, anasimulia kumwona mtoto wa miaka 12 huko Dessau ambaye alikuwa anakula tu na kupiga kelele akiguswa. Anasema alishauri mtoto yule atupwe mtoni. Wakuu wa eneo lile walikataa. Sina hakika mtoto yule alikuwa na usonji au ulemavu mwingine, na sidhani tunahitaji kujua. Nalitaja kwa sababu ya wale waliokataa. Hata wakati ule, mbele ya mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote Ujerumani, kulikuwa na watu waliosema hapana.

Sasa nikupe mwingine, dada, ambaye naamini utampenda.

Januari 1800, kijiji cha Saint-Sernin kusini mwa Ufaransa, mvulana wa miaka kama 12 alitoka msituni. Karibu uchi, ana makovu, haongei. Alipelekwa Paris, akachunguzwa na Philippe Pinel, daktari mkubwa kuliko wote wa magonjwa ya akili wakati ule, naye akasema huyu hana matumaini. Daktari kijana, Jean Itard, akakataa kuamini, akamchukua kwenye shule ya viziwi alikokuwa akifanya kazi, akampa jina la Victor. Alimfundisha miaka mitano hivi. Victor alijifunza kupanga herufi, kutambua vitu kwa maandishi, lakini kuongea hakuongea, zaidi ya maneno mawili matatu. Alipenda sana maji. Alikuwa anakunywa maji yake akiwa amesimama dirishani akiangalia nje. Itard mwishowe alikata tamaa na kuacha masomo. Uta Frith, yule wa kitabu cha Hugh Blair, ni miongoni mwa wanaoamini Victor alizaliwa na usonji.

Historia inamsifu Itard, na anastahili. Mimi namsifu Madame Guérin. Huyu ndiye mama aliyelipwa na serikali kumpikia, kumwogesha na kumlaza Victor. Itard aliandika tukio moja. Victor alikuwa na kazi ya kuandaa meza. Mume wa Madame Guérin alipofariki, Victor aliweka sahani ya marehemu mahali pake kama kawaida. Mama akaiona sahani ile, akaangua kilio. Victor akamwangalia, akaichukua sahani, akairudisha kabatini, na hakuiweka tena. Mtu aliyeambiwa na Pinel kwamba hana matumaini, asiyeongea, alielewa msiba bila kuelezwa.

Itard alipoacha, Madame Guérin hakuacha. Victor aliishi naye kwenye nyumba ndogo karibu na ile shule, hadi alipofariki mwaka 1828, akiwa mtu mzima wa miaka kama 40. Hana kipaji chochote kilichoandikwa. Aliishi, akapendwa, akawa na kazi ya kuandaa meza.

#6 Mama wa Mmoja

Nimesoma la sahani mara nyingi. Asante.

#7 Mchangiaji mwingine

Kwa hiyo chanjo hazihusiki? Maana kuna daktari wa Uingereza alithibitisha.

#8 Mleta uzi

Mkuu, Hugh Blair alizaliwa kabla chanjo ya kwanza kabisa duniani, ile ya ndui ya Edward Jenner ya 1796. Na yule daktari unayemsema, Andrew Wakefield, andiko lake la 1998 lilihusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet lililifuta mwaka 2010. Naomba tusiugeuze uzi huu kuwa wa chanjo.

#9 Mchangiaji, mtu wa parokiani

Mleta mada, vipi kwenye dini? Nasikia watakatifu wengine walikuwa na tabia za namna hii.

#10 Mleta uzi

Ndiyo mkuu, na nadhani monasteri zilikuwa moja ya sehemu chache ambako mtu mwenye usonji angeweza kuishi vizuri. Kengele inagonga saa zilezile. Chakula kilekile, nguo ileile, kukaa kimya ni fadhila, sala ni kurudia maneno. Hakuna anayekuuliza mbona huoi. Yaani mambo ambayo mtaani yanakufanya uonekane wa ajabu, mle ndani ndiyo utaratibu.

Kuna Ndugu Juniper, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa Fransisko wa Assisi, karne ya 13. Masimulizi ya Wafransisko yanasema mgonjwa mmoja alimwambia anatamani kula mguu wa nguruwe. Juniper akachukua kisu jikoni, akaenda kwenye kundi la nguruwe la watu, akamkata mmoja mguu, akaupika, akampelekea mgonjwa kwa furaha. Mwenye nguruwe alipokuja anawaka hasira, Juniper hakuelewa kabisa hasira inatoka wapi. Mgonjwa ametamani, mguu umepatikana, tatizo nini? Akamkumbatia na kumsimulia upya kwa furaha ileile, mpaka yule bwana akalainika na kuwaletea watawa nguruwe mzima. Uta Frith alimtaja Juniper kama mfano wa mtu anayeonekana kuwa na usonji. Hayo ni masimulizi ya kidini, si ushahidi wa mahakama, lakini aliyeyatunga au kuyahifadhi alikuwa amewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.

Urusi walikuwa na wale walioitwa wapumbavu kwa ajili ya Kristo. Maarufu zaidi ni Vasili wa Moscow, karne ya 16, aliyetembea uchi kwenye baridi na kumwambia mfalme Ivan wa Kutisha maneno ambayo mwingine angenyongwa. Lile kanisa la rangi nyingi pale Red Square linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1974 Natalia Challis na Horace Dewey waliandika kwamba baadhi ya watu hao huenda walikuwa na usonji: hawajali baridi wala maumivu, wanaongea kwa kurudia, hawajui kupindisha maneno. Baadhi walikuwa wanaigiza kwa makusudi ya kiroho, hilo linajulikana. Sitakaa sana hapo.

#11 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sasa nakuona unakoelekea. Unataka kusema zamani ilikuwa bora?

#12 Mleta uzi

Hapana mwalimu. Mtoto aliyelazwa kwenye samadi hawezi kuniruhusu niseme hivyo. Ninachosema ni kwamba hali ilikuwa ileile, lakini maisha yakawa tofauti kabisa kutegemea mtu amepata nafasi gani, na nani kasimama upande wake. Na kipindi kibaya kuliko vyote kiko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Karne ya 19 na ya 20 nchi za Magharibi zilijenga majengo makubwa ya kuwaweka watu waliokuwa zamani wakiishi kijijini. Familia ikiambiwa na daktari, mpeleke, msahau, zaeni mwingine. Huko Marekani kuna mtu anaitwa Archie Casto, wa West Virginia, aliyeingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1919 akiwa mtoto mdogo, na akatoka mwaka 1988 akiwa mzee. Alikuwa na usonji. Karibu miaka 70 ndani. Dada yake ndiye aliyemtafuta na kumpigania hadi akatoka.

Ujerumani na Austria ya Hitler ikaenda mbali zaidi. Vienna kulikuwa na kituo cha Am Spiegelgrund ambako watoto 789 wenye ulemavu na maradhi walikufa, wengi kwa kupewa dawa kidogokidogo mpaka nimonia iwamalize. Hans Asperger, ambaye jina lake lilitumika miaka mingi kuuita usonji wa wenye maneno mengi, alikuwa akifanya kazi mji huohuo. Kwa muda mrefu alisifiwa kama mtetezi wa watoto. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba Asperger alisaini kupelekwa kwa watoto pale. Mmoja alikuwa msichana ambaye hajafika hata miaka mitatu. Mimi jina lile silitumii tena nyumbani kwangu.

Na kabla ya Asperger, mwaka 1925, daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshaandika kwa makini kuhusu wavulana sita wenye hali hii, na aliwaandika kwa upendo: nani anacheza fidla, nani anabishana na kila mtu, nani anaogopa makelele. Ulimwengu haukumsoma kwa miaka 70. Inauma.

#13 Mama wa Mmoja

Kaka, mimi swali langu ni moja na ndilo linaninyima usingizi. Mimi nikifa? Hao unaowasema, mama zao walipokufa ikawaje?

#14 Mleta uzi

Dada, mama yake Hugh Blair alikuwa na swali lako hilohilo. Ile ndoa ndiyo ilikuwa jibu lake.

Nikupe mtu ambaye swali hilo lilijibiwa. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili za watoto wa Baltimore, Marekani, alichapisha andiko lake kuhusu watoto 11, andiko ambalo usonji wa leo umeanzia hapo. Wa kwanza kwenye orodha ni Donald Triplett, aliyezaliwa 1933 kwenye mji mdogo wa Forest, Mississippi. Akiwa hajatimiza miaka minne alipelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto kwa ushauri wa madaktari. Akakaa mwaka mzima, akinyauka. Wazazi wake wakaenda kumtoa mwaka 1938 ingawa mkurugenzi aliwashauri wamwache. Baba akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza mwanawe ni mtu gani.

Baadaye, akiwa na miaka kama tisa, walimpeleka kukaa na mke na mume wakulima, si mbali na mji. Wale hawakuwa na elimu yoyote ya mambo haya. Walichokiona ni kwamba Donald anahesabu kila kitu, hawezi kuacha. Wakamwacha ahesabu vitu vyenye kazi. Alikuwa amehangaika na vipimo, basi wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuripoti kina chake kimefika wapi. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi tena na tena, wakamwambia sawa, hesabu huku unalima. Kanner alipokwenda kumtembelea mwaka 1945 alimkuta anaendesha jembe la farasi, anafika mwisho wa mstari, anageuza farasi, anaanza mwingine. Kanner, daktari bingwa, aliandika akiwastaajabia wale wakulima.

Donald alimaliza sekondari, akamaliza chuo, akafanya kazi kwenye benki ya familia yake miaka yote. Alijifunza gofu na gari. Alisafiri nchi nyingi peke yake. Wazazi wakafa, yeye akabaki kwenye nyumba ileile na kazi ileile, na mji ukamtunza. Wazazi waliacha mfuko wa fedha uliopangwa ili hela zitoke kwa utaratibu. Waandishi wa habari walipokwenda Forest kumtafuta, kwa mtu mmoja hadi mwingine waliambiwa: ukimdhuru Don, tunajua pa kukupata. Alifariki Juni 2023, miaka 89.

Familia ilikuwa tajiri, ya kizungu, Mississippi ya ubaguzi. Mtoto mweusi wa Forest mwenye hali ileile hakupata benki wala Kanner, na hilo lazima lisemwe. Lakini Kanner alipowafuatilia wale 11 baadaye, andiko lake la 1971, aliona waliofungiwa kwenye hospitali za serikali walizimika, hata waliokuwa na uwezo sawa na Donald. Kilichowatenganisha ni shamba, benki na majirani.

#15 Mchangiaji mwingine

Na huku kwetu? Au ni ugonjwa wa wazungu?

#16 Mleta uzi

Miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akitafuta watoto wenye usonji kwenye vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili. Aliwapata. Na alitafuta kwenye vituo tu, wakati wengi wa watoto wetu hawakuwahi kufika kituoni. Walikuwa nyumbani. Kwa hiyo habari za huku hazipo kwenye makabati ya mahakama, ziko kwa wazee. Mwalimu, wewe umefundisha vijijini miaka mingi. Humkumbuki yeyote?

#17 Mwalimu Mstaafu

Nilikuwa nalifikiria hilo tangu posti ya kwanza.

Kijiji nilichopangiwa kazi mara ya kwanza, miaka ya sabini, kulikuwa na mtu mzima ambaye haongei zaidi ya maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuteka maji. Alikuwa na zamu yake: nyumba hii asubuhi, ile baadaye, hapindui. Ukimwomba apeleke kwako kwanza kwa sababu una wageni, anakupita kama hakukusikia. Watu walilalamika, lakini walijipanga kwa kumfuata yeye. Mtoto wa shule akimtania alichapwa na mzazi yeyote aliyekuwa karibu. Wengine walisema alirogwa, na wapo waliokataa maji yake. Hilo nalo lilikuwepo, nisilifiche.

#18 Mama wa Mmoja

Shikamoo mwalimu. Mama yake alikuwepo? Alilala wapi?

#19 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mama alishafariki nilipofika. Aliishi kwa dada yake, kwenye chumba chake nyuma ya jiko. Dada alipoolewa mara ya pili, kijiji cha jirani, aliweka sharti kwamba kaka anakuja naye, na mwanaume akakubali. Kule alikohamia hakukuwa na kazi ya maji kwa sababu walikuwa na bomba. Miezi ya kwanza alisumbuka sana, alikuwa anarudi kijijini kwetu kwa miguu alfajiri, anateka maji zamu yake yote, kisha anaondoka. Mwisho mwenyekiti wa kijiji na yule shemeji wakakaa, wakakubaliana awe analala kwetu siku za kazi, nyumba ya mpwa wake, na mwisho wa wiki kwa dada. Nyumba alizokuwa akizipelekea maji zilichanga chakula. Nilipohamishwa aliendelea hivyohivyo.